Tela Nyuma ya Pikipiki: Anza na Breki

Anayepanga kwenda mbali na pikipiki, akipika njiani na kulala kwenye hema, hakawii kufikiria tela. Keria ya pikipiki inajaa upesi: hema, godoro la sponji, blanketi mbili, sufuria, dumu la maji, vifaa vya kuziba pancha, na hapo mwenzako hajapanda bado. Katika Mkoa wa Songwe wazo hilo halina ugumu wa kutekelezwa, maana mafundi wa kuchomelea wamejaa kuanzia Tunduma hadi Mlowo, na matela ya pawatila wanayaunda na kuyakarabati kila msimu wa mavuno. Peleka vyuma, kubaliana bei, baada ya siku chache unavuta.

Fundi akishakusikiliza atauliza kama pikipiki yako ina nguvu ya kuvuta. Swali hilo ni la pili. Injini ya cc 150 inavuta zaidi ya unavyodhani. Watu wanaopakia magunia matatu ya mahindi kwenye pikipiki moja wanalijua hilo. Swali la kwanza ni kama breki zako zinaweza kulisimamisha hilo tela kwenye mteremko, ghafla, lori likiwa mbele yako. Tela dogo la nyumbani halina breki zake. Ukikamata breki, pikipiki inataka kusimama na tela linataka kuendelea, na wewe uko katikati. Kila shauri lililomo katika makala haya linatoka hapo: mzigo wa tela hupimwa kwa uwezo wa kusimama.

Kilo ngapi?

Uingereza, ambako pikipiki kuvuta tela ni jambo la kisheria lililozoeleka, wameweka kanuni ambayo inatufaa hata sisi kama kipimo cha busara. Pikipiki inayovuta iwe na injini inayozidi cc 125. Upana wa tela usizidi mita moja. Uzito wa tela pamoja na mzigo wake usizidi theluthi mbili za uzito wa pikipiki yenyewe, na kwa vyovyote usivuke kilo 150.

Piga hesabu kwa pikipiki ya kawaida ya huku. Boxer ya cc 150 ina uzito unaokaribia kilo 120. Theluthi mbili zake ni kilo 80. Tela lililoundwa kwa vyuma vya pembe, likiwa na magurudumu mawili na sakafu ya bati nene, linaweza kufika kilo 45 kabla hujaweka hata kijiko ndani. Kilichobaki ni kilo 35 za mzigo. Hiyo ni sawa na dumu moja la maji la lita 20, hema, na mkoba wa nguo. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi; hawakusema umpe Boxer.

Kwa hiyo mwambie fundi atumie bomba la mraba jembamba badala ya chuma cha pembe, na sakafu iwe ya mbao nyepesi au wavu wa chuma. Likikamilika, lipeleke kwa wanunuzi wa mahindi au kahawa, Mlowo au Vwawa, uombe kulipima kwenye mizani ya magunia. Pima tupu, kisha pima limepakiwa. Kukisia kwa kuinua kwa mkono hakusaidii, kwa sababu mkono wa asubuhi na mkono wa jioni haisemi uzito mmoja.

Yanayozidi kilo hizo yana dawa mbili. Ya kwanza ni kuacha. Mlowo, Vwawa, Tunduma na Laela zote zina maduka na masoko. Mchele, mafuta ya kula, maharage, viazi na parachichi utavinunua jioni ileile unayopika. Ya pili ni kutuma kwa basi. Kifurushi kinachokwenda Sumbawanga kinaweza kutangulia kwa basi la asubuhi na kukusubiri stendi, kwa nauli ndogo kuliko bei ya tairi utakaloharibu.

Hapa yafaa kuwakumbuka Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili wa Kiingereza walioondoka London Desemba 1934 na kufika Cape Town Julai 1935 kwa pikipiki moja aina ya Panther ya cc 600, yenye kigari cha pembeni, ikivuta tela. Walivuka Sahara, wakapita Kenya na Tanganyika, wakashuka hadi kusini. Walikuwa na sababu ya tela: jangwani hapakuwa na duka, wala petroli, wala fundi, kwa hiyo chakula, maji, mafuta na vipuri ilibidi waende navyo. Wewe unayetoka Tunduma kwenda Sumbawanga kwa lami huna sababu hiyo. Tela lako libebe vitu vya kulalia na kupikia. Duka liache dukani.

Kiungio ndicho kitu cha kugharamia

Matela ya pawatila hufungwa kwa pini iliyopita kwenye tundu. Fundi asipoelekezwa atakuwekea hiyohiyo. Kwa pawatila inafaa, kwa sababu haiinami kwenye kona. Pikipiki inainama. Ukiifunga kwa pini ngumu, kila ukilala kushoto kuingia kona, tela linakataa, linakuvuta urudi wima, na kona inakushinda.

Kiungio cha tela la pikipiki la magurudumu mawili lazima kiruhusu miendo mitatu: kugeuka kushoto na kulia, kupanda na kushuka penye matuta, na kuzunguka ili pikipiki iiname huku tela limesimama wima. Njia rahisi ya kupata mwendo huu wa tatu ni bomba ndani ya bomba: mti wa tela unaishia na bomba linalozunguka ndani ya jingine, likiwa na grisi, limezuiwa na nati ya kufuli lisichomoke. Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili hapohapo gereji. Funga tela, mwambie mtu akanyage sakafu yake, kisha wewe ilaze pikipiki hadi kigingi cha mguu kikaribie ardhi, upande huu na ule. Mti wa tela ukipinda au tela likinyanyua gurudumu moja, kazi haijaisha.

Mahali pa kufunga ni kwenye fremu ya pikipiki, karibu na usawa wa ekseli ya nyuma. Keria haifai hata kidogo: imefungwa kwa bolti ndogo, iko juu, na uzito ukivutwa kutoka juu unaipunguzia pikipiki utulivu. Mkono unaoshika gurudumu la nyuma nao haufai, kwa sababu unapanda na kushuka na shokomzoba. Weka pia mnyororo wa akiba kati ya fremu na tela, mfupi kiasi kwamba pini ikikatika mti wa tela usiguse lami.

Gurudumu moja au mawili?

Jibu linategemea barabara. Tela la magurudumu mawili linasimama lenyewe, linapakiwa kwa urahisi, na kambini linageuka meza. Kwenye lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, au barabara kuu ya TANZAM, halina tatizo. Lakini ukiingia njia za vumbi za Momba kuelekea Kamsamba, barabara ina mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya magari. Pikipiki inapita kwenye mfereji mmoja, tela linabaki gurudumu moja juu ya kingo na jingine majanini. Hapo tela la gurudumu moja linashinda, kwa sababu linafuata alama ileile ya pikipiki. Ubaya wake ni kwamba uzito wake wote wa pembeni unabebwa na pikipiki, hivyo mzigo upungue zaidi.

Kwa vyovyote, tumia rimu na tairi za saizi ileile ya gurudumu la nyuma la pikipiki yako. Vigurudumu vidogo vya toroli vinazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa na beringi zake zinaungua upesi. Ukiwa na saizi moja, tyubu moja ya akiba inatosha kwa magurudumu yote ya nyuma, na fundi yeyote wa bodaboda njiani anayo nyingine. Kila unaposimama, weka kiganja juu ya habu ya tela. Kama huwezi kukiacha hapo, beringi imekaza au grisi imekauka; usiondoke.

Kupakia

Vizito viwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ncha ya tela, pale inapokaa kwenye kiungio, ibebe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote: tela la kilo 70, ncha iwe kama kilo 7. Pima kwa kuiweka ncha peke yake juu ya mizani ya dukani. Ncha ikiwa nyepesi mno, tela linaanza kucheza mkia mwendo ukifika 50. Ikiwa nzito mno, usukani unakuwa mwepesi na gurudumu la mbele halishiki vizuri.

Funga kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kisha pitisha kamba ya katani au ya nailoni juu ya mipira. Mpira peke yake unanyumbuka, na mzigo unaonyumbuka unahama. Turubai lifungwe lisipepee. Nyuma ya tela weka taa mbili za breki na indiketa zinazofanya kazi, na rifleka nyekundu. Taa ya pikipiki haionekani tena ukishafunga tela, na dereva wa lori aliye nyuma yako hawezi kubahatisha unachotaka kufanya.

Barabarani

Kutoka Tunduma kwenda Mbeya ni zaidi ya kilometa 100 za barabara iliyobeba mizigo ya Zambia na Kongo. Sehemu ya kuiheshimu ni mteremko wa Senjele, katika Wilaya ya Mbozi, unaofahamika kwa ajali za malori yaliyoshindwa breki. Shida ya malori hayo ndiyo shida yako kwa kipimo kidogo. Breki ya mguu ikikanyagwa mfululizo, breki shuu zilizomo ndani ya habu zinapata moto, na zikipata moto hazikamati.

Juu ya mteremko, kabla hujaanza kushuka, rudisha gia hadi ya pili au ya tatu na uiache injini ikushikilie. Breki zitumike kwa kugusa na kuachia, zote mbili, ya mkono na ya mguu. Punguza mwendo pikipiki ikiwa imenyooka, kabla ya kona. Ukikamata breki ndani ya kona, tela linasukuma ubavuni na pikipiki inajikunja. Wapo wanaotoa gia na kuteremka fri ili kuokoa petroli. Ukiwa na tela, usithubutu. Kumbuka na hesabu ya mwendo: ukitoka kilometa 40 kwa saa hadi 60, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza inazidi mara mbili.

Tela likianza kuyumba, achia mafuta taratibu, shika usukani bila kushindana nalo, na usikamate breki ya mbele kwa nguvu. Kuongeza mwendo ili "linyooke" ni njia ya kwenda hospitali.

Matuta ya vijijini yana kanuni yake. Pikipiki ikishavuka, tela bado. Subiri usikie gurudumu lake limeshuka upande wa pili ndipo uongeze mafuta, la sivyo linaruka na kupiga kiungio chako nyundo kila kijiji.

Malori yanayokuja mbele yanasukuma upepo unaoyumbisha tela jepesi, na yanayokupita yanakuvuta kuelekea kwao. Kaa katikati ya njia yako hadi lori likaribie, kisha sogea kidogo kushoto bila kushuka kwenye kingo. Na ukiikuta foleni ya malori karibu na Tunduma, ambayo siku mbaya hunyooka kuelekea Mpemba, achana na tabia ya bodaboda ya kupenya. Kati ya lori na lori pana utingo anapika ugali chini ya tela, ndoo za maji, milango inayofunguka ghafla. Wewe una mkia wenye upana wa mita moja, na huwezi kurudi nyuma bila kushuka na kusukuma kwa mikono.

Usiku usiendeshe. Lori lililoharibika lisilo na taa, lenye matawi ya miti tu kama onyo, utaliona umeshachelewa. Panga kuondoka saa 1 asubuhi na kuwa kambini saa 10 jioni. Kwa tela, mwendo wa kati ya 40 na 60 unatosha. Kwa hiyo kilometa zaidi ya 220 za Tunduma hadi Sumbawanga ni kazi ya siku nzima pamoja na mapumziko. Asikudanganye mtu kwamba ni saa tatu.

Karatasi

Tazama lori lolote pale mpakani: kichwa kina namba yake na tela lina namba yake. Tela huhesabiwa kuwa chombo kinachojitegemea. Basi kabla ya kumlipa fundi, pita TRA na kwa askari wa usalama barabarani, uwaeleze unachotaka kuunda, uelekezwe usajili na ukaguzi wake. Mweleze pia wakala wa bima, na majibu yake yawe kwa maandishi. Leseni iwe na daraja la pikipiki, na kofia ngumu ziwe mbili kama mko wawili.

Ukitaka kuvuka kwenda Nakonde, kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 kinakukutanisha na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, lakini utahitaji hati ya kusafiria, kadi ya pikipiki yenye jina lako, na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Tela lisilo na karatasi liache Tunduma.

Kulala

Msimu wa kwenda ni Juni hadi Oktoba. Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na udongo wa Mbozi ukilowa tela linageuka nanga. Juni na Julai usiku ni baridi kali, hasa Mbozi na milima ya Ileje. Weka turubai chini, sponji juu yake, na blanketi nzito. Ukiteremka bonde la Ziwa Rukwa mambo yanageuka, joto na mbu, kwa hiyo chandarua kiwemo.

Usilale mahali bila kuaga mwenye mahali. Ukifika kijijini, uliza ofisi ya kijiji, salimia, onyesha kitambulisho cha NIDA, useme unatoka wapi na unakwenda wapi. "Shikamoo mzee, tumeomba sehemu ya kupumzika hadi asubuhi" inafungua uwanja wa shule au wa kanisa, na mara nyingi maji ya kuoga juu yake. Mkoa huu umepakana na nchi mbili. Mgeni aliyejificha kichakani na mizigo atafikiwa na ulinzi shirikishi usiku wa manane, na wao watakuwa na haki ya kuuliza.

Hema lisiwe kwenye mkondo mkavu wa maji, wala chini ya mkaratusi, ambao hudondosha matawi bila upepo, wala kando kabisa ya barabara ya malori. Chomoa tela, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, liweke upande unakotoka upepo likukinge. Pikia jiko la gesi dogo au mkaa ulionunua; kiangazi moto wa kuni ukikushinda unachoma shamba la mtu. Maji yachemshe.

Njia za kuanzia

Usianze na safari ndefu. Jaribu Tunduma hadi Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na tani 16, karibu asilimia 90 yake chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki nikeli. Ndiyo njia ya kujifunzia: lami, vumbi kidogo, na kurudi Vwawa ni karibu, ambako pia kuna hospitali ya rufaa ya mkoa likitokea la kutokea.

Ya pili iwe Mpemba hadi Isongole, Wilaya ya Ileje, kwa barabara ya lami yenye milima ya kupima breki zako kwelikweli. Ya tatu, ukishazoea, ni Tunduma, Laela, Sumbawanga, Matai, hadi maporomoko ya Kalambo yenye kimo cha zaidi ya mita 220, mpakani na Zambia. Jaza petroli kila mji unaopita, hata kama tangi liko nusu. Tela linakula mafuta kuliko ulivyozoea.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio moja. Pakia tela kama utakavyosafiri, mwenzako akiwepo kama atakuwepo. Tafuta mteremko mtulivu usio na magari, shuka kwa mwendo wa 40, kisha simama kwa haraka bila kuburuza tairi. Kama tela limekusukuma, punguza kilo 10 na urudie. Likikusukuma tena, punguza nyingine. Likiendelea kukusukuma hata likiwa na hema na blanketi tu, pikipiki yako si ya kuvuta tela: liuze, funga hema kwenye keria, na uende safari yako.